Smollett na Chakula cha Jumamosi

Tobias Smollett alizaliwa Uskoti mwaka wa 1721, akasomea udaktari mjini Glasgow, kisha akaingia katika manowari ya Kiingereza akiwa msaidizi wa daktari. Mwaka wa 1741 alikuwako Cartagena, pwani ya Amerika Kusini, Waingereza walipojaribu kuuteka mji huo wa Wahispania wakashindwa, na maradhi yakawaua wengi kuliko risasi. Ndivyo alivyojuana na Wahispania.

Aliporudi London udaktari haukumpa riziki ya kutosha, akashika kalamu. Riwaya yake ya kwanza, Roderick Random, ilitoka mwaka wa 1748. Wakati huo alikwisha kujitwika mzigo mwingine, kumfasiri Don Quixote wa Cervantes kwa Kiingereza. Kazi hiyo haikutoka chapani mpaka mwaka wa 1755.

Ugumu wa kazi ulikuwa katika nahau. Sisi tukisema mzee fulani amekula chumvi nyingi, mgeni akafasiri neno kwa neno, mzee wa watu ataonekana mlafi. Sasa Sancho Panza, mtumishi wa Don Quixote, hawezi kusema jambo bila kumwaga methali tatu nne kwa mpigo! Smollett aliamua kushika roho ya maneno, asifungwe na maneno yenyewe, ili Sancho abaki mcheshi.

Mtego ulimngoja tangu ukurasa wa kwanza, pale Cervantes anapotaja vyakula vya bwana huyo kwa juma zima. Cha Jumamosi kinaitwa duelos y quebrantos, yaani huzuni na mivunjiko. Ni chakula gani hicho? Shelton, aliyefasiri kitabu mwaka wa 1612, aliandika nyama na mayai. Jarvis, katika tafsiri ya mwaka wa 1742, aliandika kimanda. Smollett hakuridhika. Aliandika maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya msokoto wa tumbo na manung'uniko, yote yakianza kwa sauti moja, akaongeza maelezo marefu chini ya ukurasa. Wataalamu wengi wa leo husema ni mayai ya kukaangwa na nyama ya nguruwe tu. Daktari alikikosa chakula, ingawa mzaha aliupata.

Maadui zake walidai hajui Kihispania, na kwamba alichukua kazi ya Jarvis akaibadilisha sura. Mwaka wa 1956 kilitolewa kitabu kizima cha kumshtaki kwa wizi huo. Kumtumia Jarvis alimtumia, hilo halina ubishi. Lakini mwizi hufuata njia ya mwenye mali, na katika chakula cha Jumamosi Smollett alipotea peke yake, kwa kufikiri mwenyewe.

Maisha hayakumbembeleza. Mwaka wa 1760 alifungwa kwa kumkashifu jemadari wa manowari, na mwaka wa 1763 binti yake wa pekee akafariki. Yeye mwenyewe alikufa karibu na Livorno, Italia, mwaka wa 1771. Tafsiri yake ilipochapishwa tena mwaka wa 1986, aliyeandika utangulizi alikuwa Carlos Fuentes wa Mexico, mtu aliyezaliwa na Kihispania kinywani.