Mtakatifu Ignasi wa Loyola, Mwanafunzi Mgeni Jijini Paris



Kila mwaka wapo wenzetu wanaofunga mizigo kwenda kusoma nje: India, China, Uturuki, Poland. Wakiniomba niwaombee, hofu ninayoisikia zaidi si ya ada wala viza. Ni hii: nikienda kuishi na watu wasiokula, wasiovaa na wasiosali kama sisi, nibadilike kiasi gani? Nikifuata desturi zao, sitakuwa nimemwacha Mungu? Leo nawaletea mtakatifu aliyepita njia hiyo. Wengi tunamjua kama mwanzilishi wa Wayesuiti. Mimi nampenda zaidi kama mwanafunzi.

Ignasi alizaliwa mwaka 1491 huko Loyola, katika nchi ya Wabaski, kaskazini mwa Hispania. Alilelewa kiungwana: upanga, mavazi ya fahari, na kulinda jina la ukoo. Tarehe 20 Mei 1521, akiilinda ngome ya Pamplona, alivunjwa mguu na mzinga wa Wafaransa. Kitandani akasoma maisha ya Kristo na ya watakatifu, moyo ukageuka. Alipopona aliuacha upanga wake mbele ya Bikira Maria kule Montserrat, akavaa gunia, akaacha nywele na kucha ziote tu, akaishi kwa kuomba sadaka. Wakati ule aliamini kwamba mtakatifu ndivyo anavyopaswa kuonekana.

Lakini alitaka kusaidia roho za watu, na akaona kwamba bila elimu hatafika mbali. Basi mwaka 1524, akiwa na miaka 33, akaanza kujifunza Kilatini pamoja na watoto huko Barcelona. Hapo likazuka jambo la ajabu. Kila alipojaribu kukariri sarufi, mawazo matamu ya kiroho yalimjia, na somo likapotea. Akagundua kwamba hayo mawazo, ingawa yalionekana matakatifu, yalikuwa kishawishi. Akamwahidi mwalimu wake kuhudhuria na kusikiliza vipindi vyote. Hebu litafakari hilo, hasa wewe unayeacha vitabu kwa kisingizio cha kwaya na mikesha!

Kutoka hapo alikwenda Alcalá, na gunia lake likazua maneno. Watu walimtilia shaka, akawekwa gerezani siku 42, kisha akaamriwa avae kama wanafunzi wengine. Alitii. Salamanca nako akafungwa tena, siku 22, ingawa hakukutwa na kosa katika mafundisho yake.

Tarehe 2 Februari 1528 aliingia Paris kwa miguu, peke yake. Kifaransa hakukijua vizuri, na Kilatini chake kilikuwa hafifu, kwa hiyo akarudi tena kukaa na watoto, safari hii katika chuo cha Montaigu. Fedha zake alimkabidhi Mhispania mmoja waliyeishi pamoja amtunzie. Yule bwana akazitumia zote! Ignasi akalazimika kuhamia nyumba ya maskini ya Mtakatifu Yakobo. Nyumba hiyo ilifungwa kabla ya giza na kufunguliwa kukiwa kumekucha, wakati vipindi vya chuo vilianza alfajiri. Akawa anakosa masomo. Zamani angeona kuombaomba kila siku ni sifa. Sasa alijipanga: wakati wa mapumziko alikwenda Flanders kuomba msaada kwa wafanyabiashara wa Kihispania, na mara moja akafika hadi London. Alichopata kikamtosha mwaka mzima, naye akasoma.

Na yule aliyekula fedha zake? Alipougua huko Rouen, Ignasi alitembea pekupeku siku 3 kumfuata, akamfariji na kumsaidia kupata meli ya kurudi kwao. Ratiba na mavazi vilibadilika, lakini upendo wake haukuguswa.

Mwaka 1529 alihamia chuo cha Sainte-Barbe, akapangiwa chumba na vijana wawili aliowazidi miaka kama 15: Petro Favre na Fransisko Ksaveri. Favre ndiye aliyemsaidia katika masomo ya falsafa. Ksaveri alimwona kituko. Tena kaka zake Ksaveri walikuwa upande uliopigana na Ignasi pale Pamplona! Chumba kimoja, historia nzito namna hiyo. Ignasi hakuwarukia kwa mahubiri. Alisubiri, alisoma nao, na wakati wa masomo alijizuia kuzungumza habari za Mungu, kwa kuwa mazungumzo hayo yakianza hayakatiki.

Mwaka 1535 alipata shahada ya uzamili, akiwa na miaka zaidi ya 40. Kabla ya hapo, tarehe 15 Agosti 1534, yeye na wenzake 6 walikuwa wameweka nadhiri kwenye kilima cha Montmartre, Favre akiadhimisha Misa. Shirika la Yesu lilikubaliwa na Papa Paulo III mwaka 1540. Ksaveri, yule aliyemdharau, mwaka 1542 alipita Malindi, hapa pwani yetu, akielekea India. Huko Japani alijifunza somo lile lile la Paris: alipoona nguo za kimaskini zinawafanya watu wasimsikilize, alivaa vizuri, akampelekea mtawala wa Yamaguchi zawadi, akapewa ruhusa ya kuhubiri.

Ignasi alifariki tarehe 31 Julai 1556. Yeye na Ksaveri walitangazwa watakatifu siku moja, tarehe 12 Machi 1622.

Ndugu yangu unayesafiri, ona alichoacha Ignasi: gunia, kuomba kila siku, hata sala zilizoingia saa ya somo. Havikuwa vibaya, ila vilikuwa njia tu. Alichokishika ni Mungu mwenyewe, Misa, na huruma kwa aliyemkosea. Ukifika ugenini, jifunze kula chakula chao, kusalimia kwa namna yao, kufika kwa saa yao. Halafu jioni, kabla ya kulala, jiulize: leo nimebadili njia, au nimebadili Bwana?

Ee Mungu, uwalinde vijana wetu walio ugenini. Wape unyenyekevu wa kujifunza na moyo usiokusahau. Amina.

Mtakatifu Ignasi wa Loyola, utuombee!