Mtakatifu Beda na Vitabu Vyake

Zamani sana watu wa Ulaya hawakuwa na mashine ya kupiga chapa. Mtu akitaka kitabu, sharti akiandike kwa mkono, herufi kwa herufi, au amwombe mwingine amwandikie. Kitabu kikiungua au kikioza, maneno yake yalipotea kabisa, isipokuwa kama kulikuwa na nakala mahali pengine. Leo tutasoma maisha ya mtu aliyemaliza siku zake zote kati ya vitabu vya namna hiyo. Jina lake ni Beda.

1. Mtoto katika monasteri

Beda alizaliwa karibu na mwaka 673, upande wa kaskazini wa Uingereza, katika ufalme ulioitwa Northumbria. Wakati ule Ukristo ulikuwa bado mpya katika nchi ile. Mwaka 674 mmonaki mmoja, Benedict Biscop, alipewa ardhi na mfalme Ecgfrith, akajenga monasteri mahali paitwapo Wearmouth, karibu na bahari. Miaka michache baadaye ikajengwa ya pili huko Jarrow, kando ya mto Tyne. Nyumba hizo mbili zilikuwa kama jamaa moja.

Benedict Biscop alipenda vitabu sana. Alikwenda Roma mara nyingi, na njia ilikuwa ndefu, yenye hatari nyingi. Kila aliporudi alileta vitabu na picha takatifu. Aliita pia mafundi kutoka Ufaransa wajenge kanisa la mawe na kutia vioo madirishani, maana watu wa kwao hawakujua kazi ya vioo.

Beda alipofika umri wa miaka 7, jamaa zake walimpeleka kwa Benedict Biscop ili alelewe na kufundishwa. Baadaye alitiwa mikononi mwa abati Ceolfrith. Tangu siku ile alikaa katika monasteri mpaka kufa kwake. Alitoka mara chache tu, na hakwenda mbali.

2. Tauni

Karibu na mwaka 686 tauni iliingia Jarrow. Wamonaki wakafa mmoja mmoja, hata wote waliojua kuimba na kusoma katika ibada wakaisha, isipokuwa abati Ceolfrith na mtoto mmoja aliyekuwa akilelewa naye. Kwa huzuni yake abati aliamuru kwamba zaburi zisomwe bila viitikio vyake. Wakafanya hivyo kwa juma moja, kwa machozi mengi. Lakini abati hakuweza kuvumilia. Akarudia kuimba yote kama zamani, yeye na yule mtoto peke yao, asubuhi hata jioni, mpaka wengine walipofundishwa kuwasaidia.

Jina la mtoto yule halikuandikwa. Lakini watu wengi husadiki kwamba ndiye Beda, maana wakati ule alikuwa na miaka 13 hivi, naye aliishi pale pale.

3. Kazi ya kitabu

Beda akawa shemasi akiwa na miaka 19, na padri akiwa na miaka 30. Kazi yake ilikuwa kusali, kusoma, kufundisha na kuandika.

Kuandika kulikuwa kazi ngumu kweli. Hawakuwa na karatasi. Walichukua ngozi ya ndama, wakailoweka katika maji ya chokaa, wakaikwangua manyoya, wakaiwamba juu ya kiunzi cha mbao mpaka ikauke, kama vile watu wanavyowamba ngozi ya ngoma. Halafu wakaikata, wakaipiga mistari, wakaandika kwa unyoya wa ndege uliochongwa ncha. Ngozi moja ilitoa kurasa chache tu. Wakati wa baridi kali vidole vya mwandishi vilikufa ganzi, asiweze kushika kalamu.

Abati Ceolfrith aliamuru ziandikwe Biblia tatu kubwa, kila moja ikiwa na vitabu vyote pamoja. Moja aliitoa kuwa zawadi kwa Papa. Mwaka 716, akiwa mzee wa miaka 74, aliondoka kuipeleka Roma yeye mwenyewe. Wamonaki walimsindikiza wakilia, kwa kuwa walijua hawatamwona tena. Naye hakufika. Alikufa njiani mwaka ule ule, katika mji wa Langres, nchi ya Ufaransa.

4. Habari za watu wa Uingereza

Beda aliandika vitabu vingi: maelezo ya Maandiko Matakatifu, vitabu vya kuhesabu nyakati, na habari za maabati wa monasteri yake. Lakini kitabu chake kilichojulikana kuliko vyote ni kile cha historia ya Kanisa katika taifa la Waingereza. Alikimaliza mwaka 731.

Beda alijuaje mambo ya miaka mingi na ya mahali pa mbali, naye hakutoka nyumbani? Aliuliza. Aliandika barua kwa maaskofu na maabati. Abati Albinus wa Canterbury alimpa habari za wamisionari wa kwanza. Padri Nothhelm wa London alimletea habari hizo, tena alikwenda Roma kunakili barua za kale za Mapapa zilizowekwa pale. Beda aliwasikiliza pia wazee walioyaona mambo kwa macho yao. Mwanzoni mwa kitabu aliwataja waliomwambia, ili msomaji ajue kila habari imetoka wapi. Kabla kitabu hakijaenea, alimpelekea mfalme Ceolwulf akisome na kukipima.

Tena alihesabu miaka tangu kuzaliwa kwa Yesu Kristo. Mmonaki mmoja wa Roma, Dionysius, ndiye aliyeanza hesabu hiyo mbele ya Beda, lakini watu wachache walikuwa wakiitumia. Kitabu cha Beda kiliposomwa katika nchi nyingi, hesabu hiyo nayo ikaenea. Leo mwalimu akiandika mwaka ubaoni, anafuata hesabu hiyo hiyo.

5. Kifo chake

Mwaka 735, kabla ya Pasaka, Beda aliugua. Alipumua kwa shida, na miguu yake ikavimba. Lakini hakuacha kuwafundisha wanafunzi wake kila siku. Wakati ule alikuwa akigeuza Evanjili ya Mtakatifu Yoane katika lugha ya watu wa kwao, ili wasiojua Kilatini waielewe. Hakutaka wanafunzi wake wasome uongo, wala wafanye kazi bure akiisha kufa. Kwa hiyo aliwahimiza waandike upesi.

Siku ya mwisho aliwaita mapadri wa monasteri, akawagawia vitu vidogo alivyokuwa navyo sandukuni: pilipili, vitambaa na ubani. Akawaomba wamkumbuke katika Misa na sala zao. Jioni kijana mwandishi, jina lake Wilberht, alimkumbusha kwamba sentensi moja bado haijaandikwa. Beda akaisema, kijana akaiandika. Kisha mzee akaomba wamwinue, akaketi sakafuni pa chumba chake, akielekea mahali alipozoea kusali. Akaimba kumtukuza Mungu Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, akakata roho.

6. Vitabu vilivyookoka

Mwandishi alikufa, lakini wanafunzi wake hawakukaa bure. Mtakatifu Bonifasi, Mwingereza aliyehubiri Ujerumani, aliandika kuomba nakala za vitabu vya Beda. Mwaka 764 Cuthbert, mwanafunzi wa Beda aliyekuwa abati, alimwandikia askofu mmoja huko Ujerumani akiomba radhi, maana hakuweza kutuma vitabu vingi: baridi ya mwaka ule ilikuwa imezuia mikono ya waandishi. Hata hivyo alituma alivyoweza. Ndivyo vitabu vilivyovuka bahari.

Na ilikuwa vizuri vilivuka. Mwaka 793 wanyang'anyi wa baharini kutoka kaskazini walishambulia monasteri ya Lindisfarne, na mwaka 794 wakapiga monasteri nyingine ya Northumbria, ambayo watu husema ni Jarrow. Baada ya miaka mingi ya vita, Wearmouth na Jarrow zikaachwa bila watu. Kama vitabu vya Beda vingalikuwa pale tu, pengine tusingalijua lolote la kazi yake.

Nakala mbili za historia yake, zilizoandikwa miaka michache tu baada ya kifo chake, ziko mpaka leo. Moja iliandikwa karibu na mwaka 737, kwa haraka na bila mapambo. Ilifika Ufaransa, halafu ikarudi Uingereza mikononi mwa askofu John Moore. Alipokufa, mfalme George wa Kwanza alinunua vitabu vyake vyote, na mwaka 1715 akaupa Chuo Kikuu cha Cambridge. Nakala ya pili ilitunzwa na wamonaki wa Ufaransa. Wakati wa mapinduzi yaliyoanza huko mwaka 1789, Mrusi mmoja aliipata, akaipeleka kwao. Sasa iko Saint Petersburg. Nakala nyingine zilizoandikwa baadaye ni zaidi ya 100.

Na zile Biblia tatu? Mbili ziliharibika. Majani yao machache yaliyosalia yalikuwa yamefanywa majalada ya vitabu vya hesabu za mashamba. Ya tatu, ile ya Ceolfrith, ilifika Italia, ikakaa katika monasteri ya mlima Amiata. Mtu fulani alifuta jina la Ceolfrith katika ukurasa wa kwanza, akaandika jingine. Kwa karne nyingi watu walidhani kwamba Biblia ile iliandikwa Italia. Katika karne ya 19 wataalamu waliyachunguza maandiko yaliyofutwa, wakatambua ukweli. Ina majani zaidi ya 1,000 na uzito wa kilo 34 hivi. Inatunzwa katika mji wa Florence. Mwaka 2018 ilirudishwa Uingereza kwa muda, watu waitazame, baada ya miaka 1,302 tangu Ceolfrith aondoke nayo.

Mwaka 1899 Papa Leo wa Kumi na Tatu alimtangaza Beda kuwa Mwalimu wa Kanisa. Kaburi lake liko katika kanisa kuu la Durham. Sikukuu yake ni tarehe 25 Mei.

Watoto, vitabu vya Beda havikuokoka kwa sababu ya ngozi ngumu tu. Viliokoka kwa kuwa watu wengi, ambao hatujui majina yao, walikubali kuchoka kwa ajili ya wale watakaosoma nyuma yao. Nanyi mkipewa kitabu, kishikeni kwa mikono safi, msikipasue. Mwingine anakingoja.

Maswali

1. Wakati wa tauni, ni nani walioendelea kuimba zaburi?
2. Beda alifanya nini ili asiandike uongo?
3. Kwa nini ilifaa vitabu vya Beda vitumwe nchi nyingine?
4. Wataalamu walijuaje kwamba Biblia ya mlima Amiata ilitoka Uingereza?
5. Waulize wazee wa kwenu habari moja ya zamani. Iandike, ukitaja jina la aliyekuambia.