John Martin, mtaalamu aliyetaka kuilisha bahari chuma

MIONGONI mwa wataalamu wa bahari wa karne iliyopita, ni wachache walioacha mjadala mkali kama Mmarekani John Martin. Ndiye aliyedai kwamba chuma kidogo kikinyunyizwa baharini chaweza kuipunguza hewani gesi ya kaboni dioksidi, inayozidisha joto duniani.

Martin alizaliwa mwaka wa 1935 katika mji wa Old Lyme, jimbo la Connecticut. Akiwa na umri wa miaka 19 aliugua polio, maradhi yaliyomwachia ulemavu wa miguu. Hata hivyo hakukata tamaa. Alipata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Rhode Island mnamo 1966, na baadaye akawa mkurugenzi wa maabara ya bahari ya Moss Landing, California, wadhifa alioushikilia hadi kufa kwake.

Fumbo lililomshughulisha lilikuwa hili: mbona sehemu kubwa za bahari, hasa zile zinazoizunguka Antaktika, zina rutuba tele ilhali vijimea ni haba? Wengi waliamini kwamba vijimea hivyo huliwa na wadudu wa majini. Martin alishuku kwamba kilichokosekana ni chuma.

Kuthibitisha hayo hakukuwa rahisi. Chuma kilichomo katika maji ya bahari kuu ni kidogo mno, hata kutu ya meli au waya wa kuchotea maji huweza kuvuruga vipimo. Martin na wenzake walizingatia usafi wa hali ya juu, na mnamo 1988 wakatangaza kwamba chuma kidogo kilichotiwa katika chupa za maji ya Pasifiki Kaskazini kiliharakisha ukuaji wa vijimea.

Vijimea hufyonza kaboni, na vinapokufa baadhi huzama nayo vilindini. Isitoshe, barafu ya kale ya Antaktika ilionyesha kwamba enzi za baridi kali zilikuwa na vumbi jingi na gesi hiyo kidogo. Mwaka huo wa 1988 Martin alitania kwamba akipewa nusu ya shehena ya meli ya chuma, ataleta enzi mpya ya barafu. Kuna waliocheka, na kuna walioghadhibika.

Martin alijua kwamba chupa si bahari, akapigania jaribio la majini. Saratani haikumsubiri. Alifariki Juni 1993, na Oktoba mwaka huo wenzake wakamwaga takriban kilo 450 za chuma karibu na visiwa vya Galapagos, katika eneo la kilomita 64 mraba. Vijimea viliongezeka. Katika jaribio la pili, mwaka wa 1995, maji ya samawati yaligeuka kijani.

Nusu ya hoja yake ikathibitika. Nusu ya pili ingali na utata, kwa kuwa sehemu kubwa ya kaboni hiyo hurejea juu kabla ya kufika vilindini.

Mnamo 2008, mataifa wanachama wa Mkataba wa Bayoanuwai, Kenya ikiwemo, yalitaka shughuli hizo zisitishwe, isipokuwa tafiti ndogo katika maji ya pwani. Wanasayansi walilalamika kwamba kwa kawaida maji ya pwani hupata chuma kutoka nchi kavu, hivyo hayawezi kulijibu swali la Martin.

Mwaka wa 2012, kampuni moja ilimwaga takriban tani 100 za mchanganyiko wa chuma magharibi mwa Kanada, ikinuia kuongeza samaki na kuuza hawala za kaboni. Kelele zilizozuka zilichangia kanuni kali zaidi kupitishwa mwaka uliofuata, kwani bahari haina ua, na madhara ya jaribio la mmoja huweza kumfikia jirani.

Martin hakuacha tiba iliyo tayari. Aliacha swali, pamoja na funzo kwamba dai kubwa kuhusu bahari lapaswa kupimwa kwa uangalifu kabla ya kuuzwa.