Paul Robeson, mucheza-filme aliyeimbia wachimbaji

Jina la Paul Robeson likitajwa, watu wa sinema wanakumbuka filme zake za miaka ya 1930. Katika moja, Sanders of the River ya 1935, hata Jomo Kenyatta, aliyekuwa anasoma kule London, alionekana kati ya watu wa kujaza picha. Lakini kuko kazi ingine ya Robeson yenye haizungumuzwi sana: teatre ya kuimba. Tunaleta habari yake kwenu, wachimbaji na jamaa zenu, kwa sababu kazi ile njo ilimukutanisha na watu wa shimo, na watu wa shimo hawakumusahau.

Robeson alizaliwa tarehe 9/4/1898 katika muji wa Princeton, Marekani. Baba yake alizaliwa mutumwa, akatoroka akiwa kijana, kiisha akakuwa pasta. Mutoto alisoma mupaka akapata diplome ya sheria katika 1923. Lakini kwenye biro ya avoka, kalani mumoja mweupe alikataa kuandika barua ambayo mutu mweusi anamusomea. Robeson akatoka, akashika njia ya teatre.

Katika 1928 alicheza Show Boat kule London. Ni muchezo ambamo watu wanazungumuza, kiisha wanaimba na orkestre. Kwenye filme, mutu akikosea wanarudilia. Kwenye teatre hapana: kila magaribi sauti inapashwa kutoka na kufika mupaka kwa mutu wa nyuma kabisa, na wakati ule bila mikro. Robeson alikuwa Joe, mubeba-mizigo wa kwenye muto Mississippi. Nafasi ya Joe katika muchezo ilikuwa ndogo, lakini alikuwa na wimbo wa ule muto, Ol' Man River. Kwa sauti yake nzito ya chini, wimbo ule njo watu walikuja kusikiliza.

Katika miaka ile ile, inje ya teatre, alikutana na wachimbaji wa makaa ya mawe kutoka Wales. Hawakuwa na kazi, wakatembea kwa miguu mupaka London, wanaimba njiani ili watu wawasaidie. Robeson alisikia sauti zao, akaingia kati yao, akaimba nao. Kiisha akawatolea feza za treni ya kurudi kwao. Katika mwezi wa 9 wa 1934, shimo la Gresford, kaskazini ya Wales, lililipuka na watu 266 wakakufa. Robeson alikuwa anaimba Caernarfon siku zile zile. Feza za konseri ile alizitoa kwa jamaa za wale waliokufa. Sisi wa huku, ambako udongo unaweza kufunika baba wakati chakula chake kiko kwenye moto, tunajua feza sawa zile zina maana gani.

Wimbo wa Joe nao ulianza kumusumbua. Joe ni mutu aliyechoka, anainama tu, muto unapita. Kidogo kidogo, kwenye konseri zake, Robeson akageuza maneno: Joe hainami tena, anapigana. Muziki ulibakia ule ule, lakini mubeba-mizigo alikuwa mwengine. Na filme ya Sanders ilimuletea haya, kwa sababu ilisifu ukoloni. Katika 1940 akatoa filme ambayo aliipenda zaidi, The Proud Valley: mutu mweusi anapata kazi katika shimo la Wales kwa sababu ya sauti yake kwenye koro, na mwishoni anakufa ili wenzake wapone. Mwaka ule ule alirudia teatre ya kuimba kule New York, katika John Henry, hadisi ya mutu mwenye nguvu aliyeshindana na mashini. Muchezo ule haukupendwa, ulifungwa kiisha siku chache tu.

Katika 1950 serikali ya Marekani ilimunyanganya pasipoti juu ya mawazo yake ya siasa. Milango ya konseri ikafungwa, feza zikaisha. Wachimbaji njo walisimama. Sendika yao kule Kanada ilimualika. Aliposimamishwa kwenye mupaka, akaimba pale pale, katika mwezi wa 5 wa 1952, akiwa juu ya kamio, na maelfu ya watu wakamusikiliza. Katika mwezi wa 10 wa 1957 wachimbaji wa Wales walikuwa na sikukuu yao ya nyimbo kule Porthcawl. Robeson hakuweza kuvuka bahari. Basi aliimba New York ndani ya telefone, sauti ikapita chini ya bahari, ikatokea mbele ya watu karibu 5.000. Wao wakamujibu kwa koro yao.

Pasipoti ilirudi katika 1958, na Robeson akaenda Wales kuwaona. Alikufa tarehe 23/1/1976 kule Philadelphia. Siku moja alilipia wachimbaji njia ya kurudi kwao. Karibu miaka 30 kiisha, yeye mwenyewe alipofungiwa kwao, wachimbaji wakamutafutia njia ya kutoka, hata kama ni sauti tu njo ilipita.