Ray Charles na mama yake: mtoto aliyepoteza uwezo wa kuona kabla ya kukua

Wengi wetu tumewahi kuusikia redioni wimbo wa Georgia on My Mind, hata kama hatukujua anayeimba ni nani. Ni Ray Charles, Mmarekani mweusi aliyekuwa akipiga piano huku amevaa miwani ya jua. Miwani ile haikuwa pambo. Tangu akiwa na umri wa miaka 7 Ray alikuwa haoni kabisa, na ugonjwa unaotajwa zaidi kuwa ndio ulioyaharibu macho yake ni glakoma, ambayo wengi huku kwetu tunaiita presha ya macho. Amefariki zaidi ya miaka 20 iliyopita, lakini kila mama anapoleta kliniki mtoto anayetokwa machozi na kukimbia mwanga, mimi humkumbuka.

Alizaliwa Septemba 23, 1930 katika mji wa Albany, jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Mama yake, Aretha, alikuwa bado binti mdogo, hajafika hata miaka 20. Alimlea mtoto Greenville, mji mdogo wa kaskazini mwa Florida. Baba hakukaa nao. Aretha aliishi kwa kufulia watu nguo na kuzipiga pasi, na mwenyewe hakuwa na afya nzuri. Jirani mmoja aliyekuwa na mgahawa alikuwa na piano, akawa anampakata mtoto na kumwacha abonyezebonyeze. Hapo ndipo muziki ulipoanzia.

Ray alipokuwa na miaka kama 5, mdogo wake George alitumbukia kwenye beseni kubwa la kufulia nguo. Ray alijaribu kumvuta, akashindwa, kwa kuwa nguo zilikuwa zimelowa na mtoto amekuwa mzito. Mama alitoka ndani mbio, akakuta George ameshazama. (Mama mwenzangu, usiache beseni au ndoo yenye maji pasipo mtu mzima, hata kwa dakika moja.)

Haukupita muda mrefu, macho ya Ray nayo yakaanza kusumbua. Asubuhi aliamka kope zimegandana kwa ute mzito, mama akawa anazilainisha kwa kitambaa cha maji hadi zifunguke. Mwanga ulimuumiza. Kisha vitu vya mbali vikaanza kufifia, vikafuata vya karibu. Daktari wa pale mjini alijaribu dawa. Baadaye walikwenda kliniki ya mji wa jirani, na huko mama akaambiwa kwamba mwanawe anapoteza uwezo wa kuona na hakuna la kufanya.

Naomba tukae kidogo hapa. Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa na kutoka muda wote. Maji haya siyo machozi. Njia yake ya kutokea ikiwa finyu au imeziba, presha ndani ya jicho hupanda na kuukandamiza mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Sehemu ya mshipa iliyokufa hairudi, si kwa matone, si kwa upasuaji, si kwa miwani. Matibabu yanalinda kile kilichobaki. Ndiyo maana glakoma si sawa na mtoto wa jicho, ambapo lenzi iliyopata ukungu hutolewa, ikawekwa nyingine, na mara nyingi mtu akaona tena. Wengi huchanganya magonjwa haya mawili, wakakaa nyumbani wakisubiri jicho liive ndipo lifanyiwe upasuaji. Ukiwa na glakoma, kusubiri ndiko kunakokumaliza.

Kwa watoto ugonjwa huu ni nadra, lakini upo, na mwingine huzaliwa nao. Jicho la mtoto mchanga bado ni laini, hivyo presha ikipanda jicho lenyewe hutanuka. Nimeshasikia watu wakimsifia mtoto kwa macho makubwa mazuri, kumbe ni ugonjwa. Angalia kile kioo cha mbele cha jicho: je, kina ukungu au rangi ya bluu ya maziwa? Jicho moja ni kubwa kuliko lenzake? Mtoto anafumba macho kwa nguvu na kuficha uso ukimtoa nje? Anatokwa machozi hata asipolia? Ni kweli kwamba watoto wachanga wengi hutokwa machozi kwa sababu tu mfereji wa machozi haujafunguka vizuri, na wengi hupona kabla ya kutimiza mwaka. Lakini machozi yakiambatana na kuogopa mwanga, ukungu au jicho kubwa, usingoje tarehe ya chanjo. Mpeleke siku hiyohiyo, na uombe rufaa kwa daktari wa macho. Glakoma ya kuzaliwa nayo hutibiwa hasa kwa upasuaji, na mtoto akiwahi ana nafasi nzuri ya kubaki na macho yake.

Aretha hakuwa na nafasi hiyo. Mwishoni mwa miaka ile ya 1930 daktari Otto Barkan wa San Francisco alikuwa ndiyo anaanza kuwafanyia upasuaji watoto wenye glakoma ya kuzaliwa. San Francisco iko upande wa pili wa nchi, na kwa mwanamke mweusi maskini wa Florida, enzi ambazo hata milango ya kuingilia ilitengwa kwa rangi, huko kulikuwa kama mwezini.

Alichoweza alikifanya. Ray akiwa bado anaona kidogo, mama alianza kumzoesha kufanya kazi bila kutegemea macho. Alimfundisha kuchota maji, kusugua sakafu, kupika na hata kupasua kuni kwa shoka. Majirani walimsema kwamba anamtesa mtoto kipofu. Hakuwajali, kwa sababu alijua hatakuwepo siku zote. Mimi kwenye shoka ningesita, nakiri. Lakini nimeona pia watoto wasioona wanaofungiwa ndani mpaka wanakuwa vijana, hawawezi hata kujimwagia chai, na kwa hilo naelewa alichokuwa akikifanya.

Mwaka 1937 alimpeleka shule ya watoto viziwi na wasioona huko St. Augustine. Ray alikuwa na miaka 7, na alilia sana. Hapo alijifunza kusoma kwa nukta nundu, hadi muziki akausoma kwa vidole. Akiwa shuleni, jicho lake la kulia lilimuuma kiasi kwamba lilitolewa. Mwaka 1945, akiwa na miaka 14, aliletewa habari kwamba mama yake amefariki. Hakurudi tena shuleni. Alianza kutafuta riziki kwa piano, mji hadi mji, akitembea bila fimbo wala mbwa wa kumwongoza. Umaarufu ulikuja katika miaka ya 1950. Alipitia pia miaka mingi ya utumwa wa heroini, akaacha baada ya kukamatwa mwaka 1964. Alifariki Juni 10, 2004 kwa ugonjwa wa ini, akiwa na miaka 73.

Kuna jambo ambalo Aretha hakukumbana nalo, sisi tunakumbana nalo kila siku. Siku hizi matone ya macho yananunuliwa dukani kama pipi. Mtoto anawashwa macho kwa mzio, mama anapewa matone yenye steroidi, macho yanatulia, basi kila yakianza tena ananunua chupa nyingine. Matone hayo yakitumika muda mrefu bila kupimwa yanaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta glakoma. Kama mwanao anayatumia, usiyaache wala kuyaongeza kwa uamuzi wako. Beba chupa yenyewe uende nayo kwa mtaalamu wa macho aisome.

Na wewe mwenyewe je? Kwa watu wazima glakoma iliyo nyingi haiumi. Inaanza kula pembeni mwa uoni, huku katikati unaona vizuri. Sisi Waafrika tunaipata zaidi na mapema zaidi kuliko Wazungu. Ukifikisha miaka 40, au ikiwa baba, mama, kaka au dada yako anayo, nenda ukapimwe. Ukifika, sema kwamba unataka kupimwa presha ya macho na kuangaliwa mshipa ulio nyuma ya jicho. Kusoma herufi za ukutani peke yake hakutoshi, maana mwenye glakoma anaweza kuzisoma zote hadi mstari wa mwisho.