Kaburi la McMillan juu ya Kilima Mbogo

Mie mtu wa Pwani, ila riziki imeniweka Thika, mtaa wa Landless. Jina hilo la Kizungu maana yake wasio na ardhi. Na siku isiyo na ukungu twakiona Kilima Mbogo, alikozikwa mtu aliyekuwa na ardhi ya kupindukia.

William Northrup McMillan alizaliwa St. Louis, Marekani, mwaka 1872. Akaja kuwa bwana wa shamba la Juja, na mwaka 1909 akamkaribisha Roosevelt humo kuwinda. Alikuwa pande la mtu. Alifia Ufaransa mwaka 1925, naye alitaka kuzikwa mlimani. Husimuliwa kuwa trekta lililovuta jeneza lilishindwa kufika kileleni, akazikwa papo hapo lilipokwama. Mkewe Lucie alimjengea maktaba Nairobi, ile ya simba wa mawe, ikafunguliwa 1931. Miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo.

Kwetu wapo wazee waliozikwa chini ya minazi waliyoipanda wenyewe, na wajukuu zao hadi leo huitwa maskwota. McMillan yuko ndani ya hifadhi ya taifa. Nilipokwenda kulizuru kaburi lake, nililipa kiingilio langoni.