Rudolf Diesel, Mtu Aliyeacha Jina Lake Katika Injini

Mashine ya kusaga inapolia kijijini, watu husema inakula dizeli. Dereva wa lori naye hulitaja neno hilo kila siku. Lakini dizeli si jina la mafuta tu. Ni jina la mtu. Mtu huyo aliitwa Rudolf Diesel.

Rudolf alizaliwa tarehe 18 Machi, 1858, katika mji wa Paris, nchi ya Ufaransa. Wazazi wake walikuwa Wajerumani. Baba yake alikuwa fundi wa vitu vya ngozi, na fedha nyumbani zilikuwa haba. Mtoto alisaidia kwa kupeleka vitu kwa wateja. Akipata nafasi alikwenda katika nyumba ya makumbusho kutazama mashine za zamani.

Mwaka 1870 Wafaransa na Wajerumani walipigana vita. Wajerumani waliokaa Paris walilazimika kuondoka. Familia ya Diesel ilihamia London, na huko maisha yalikuwa magumu zaidi. Rudolf alikuwa na umri wa miaka 12. Wazazi walimpeleka kwa ndugu zao katika mji wa Augsburg, Ujerumani, ili akasome. Baadaye walitaka aanze kazi alete fedha nyumbani. Lakini kijana alipata msaada wa masomo akaingia chuo cha ufundi cha Munich. Alimaliza mwaka 1880, na alama zake zilikuwa za juu sana.

Katika chuo hicho alifundishwa na Carl von Linde, mtaalamu wa mashine za kutengeneza baridi. Hapo Rudolf alijifunza jambo ambalo halikumtoka tena moyoni. Siku zile viwanda viliendeshwa kwa mvuke. Makaa ya mawe yalichomwa, maji yakachemka, mvuke ukasukuma mashine. Lakini ukiligawa joto la makaa mafungu 100, mafungu 90 au zaidi yalipotea bure. Ni kama mtu anunue magunia 10 ya mkaa, kisha magunia 9 yaungue bila chungu mekoni.

Tena mashine za mvuke zilikuwa kubwa na ghali. Tajiri alizimudu, seremala au mfumaji hakuzimudu. Diesel alitaka injini ya mafuta machache, ambayo hata fundi mdogo angeweza kuwa nayo. Nadhani angefurahi kuiona mashine ya kusaga ya kijiji.

Alifanyaje? Chukua pampu ya baiskeli. Jaza upepo kwa nguvu, kisha gusa sehemu ya chini ya pampu. Utaona ina joto. Hewa ikibanwa hupata moto. Injini ya petroli huwasha mafuta kwa cheche. Diesel aliiacha cheche. Alibana hewa kwa nguvu kubwa sana mpaka ikawa na moto mkali, kisha akanyunyizia mafuta ndani yake. Mafuta yakashika moto yenyewe.

Kusema ni rahisi. Mwaka 1893 alipata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake, na kiwanda kimoja cha Augsburg kikamsaidia. Jaribio la kwanza lilifanyika Agosti mwaka ule. Kipimo kilichofungwa kwenye injini kilipasuka, na Diesel aliponea chupuchupu. Hakuacha. Februari 1894 injini ilizunguka kwa nguvu yake yenyewe kwa muda wa dakika moja hivi. Mwaka 1897 ilipimwa mbele ya wataalamu. Katika kila mafungu 100 ya joto la mafuta, injini iligeuza 26 kuwa kazi. Hakuna injini nyingine ya wakati ule iliyofikia hapo.

Fedha zilimjia nyingi. Tajiri mmoja wa Marekani, Adolphus Busch, alilipa mark milioni moja za Kijerumani kwa haki ya kuunda injini hizo nchini mwake. Diesel alijenga jumba kubwa Munich. Mwaka 1900, katika maonyesho ya Paris, injini ya aina yake iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, na watazamaji wengi hawakujua.

Lakini mvumbuzi hodari si lazima awe mfanyabiashara hodari. Alipoteza fedha katika visima vya mafuta na mambo mengine. Alikuwa na kesi nyingi, na afya yake ilidhoofika. Usiku wa tarehe 29 Septemba, 1913, alikuwa melini akisafiri kutoka Antwerp, Ubelgiji, kwenda Uingereza. Baada ya chakula cha jioni aliingia chumbani mwake. Asubuhi hakuonekana, na kitanda kilikuwa hakijalaliwa. Siku chache baadaye maiti yake ilionekana baharini. Wengi huamini alijirusha kwa sababu ya madeni. Wengine husema aliuawa. Alikuwa na umri wa miaka 55.

Injini yake haikufa. Iliingia katika meli, kisha malori, kisha matrekta. Mwaka 1936 kiwanda cha Mercedes-Benz kilianza kuuza gari dogo la dizeli. Lilitumia kama lita 9 kwa kilomita 100, wakati gari la petroli la namna ile lilitumia kama lita 13.

Hata hivyo injini hii ina ugomvi ndani yake. Moto mkali ndio unaookoa mafuta. Lakini moto huo huo huunguza hewa yenyewe, ukatoa gesi inayodhuru mapafu. Ukipunguza moto, gesi hupungua, lakini masizi meusi huongezeka na mafuta zaidi hutumika. Mwaka 2012 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kuwa moshi wa dizeli huleta saratani. Kwa hiyo bomba la moshi la mashine ya kusaga litoke nje ya banda, juu, mbali na watu wanaosubiri unga.

Nchi nyingi zimeweka sheria za moshi. Viwanda vikaweka vichujio vya masizi, na magari mengi hunyunyizia ndani ya bomba la moshi maji yenye urea, ile ile tunayoijua katika mbolea, ili kuua gesi mbaya. Vifaa hivi ni ghali. Wengine walichagua hila. Mwaka 2015 iligundulika kuwa kampuni ya Volkswagen ilikuwa imeweka kompyuta zinazosafisha moshi gari linapopimwa tu. Magari kama milioni 11 yalihusika. Barabarani yalitoa gesi nyingi kupita kiasi kilichoruhusiwa.

Vichujio hivyo huharibika kwa salfa iliyomo katika mafuta. Ndiyo maana mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zilianza kutaka dizeli yenye salfa kidogo. Kabla ya hapo, hata gari lenye kichujio kizuri lisingeweza kukitumia vyema katika barabara zetu.